Maswali ya Wasomaji: Chini Umeungua, Juu Bado Una Kiini

Barua nyingi zilizofika mezani mwezi huu zimetoka mikoa ya Tabora na Kigoma, na karibu zote zinalalamikia jambo moja kwa sura tofauti, yaani nafaka inayoungua kabla ya kuiva. Tumechagua chache ambazo majibu yake yanaweza kumfaa na mwingine, na moja tumeijibu kwa kirefu kwa sababu ndani yake mna mzizi wa malalamiko ya wote.

*Shikamoo mama. Mimi ni kijana ninayeishi peke yangu katika chumba cha kupanga hapa Isevya, Tabora. Nimehamia kikazi kutoka Dar es Salaam, ambako nilizoea kupika kwa jiko la umeme, na sasa natumia jiko la mkaa. Nanunua mchele mzuri unaoletwa kutoka Igunga, lakini kila nikipika matokeo ni yale yale: juu wali una kiini, katikati umelowa, na chini umeungua hadi chumba kinajaa moshi. Nikiongeza maji unakuwa bokoboko, nikiyapunguza unaungua zaidi, na nikiona unachelewa kuiva nachochea moto. Jirani yangu anasema maji ya Tabora hayafai kwa wali. Nifanye nini?*

Marahaba, mwanangu. Maji ya Tabora yaache, hayana kosa. Kosa limo katika maneno uliyoyaandika kana kwamba hayana uzito, pale unaposema kwamba ukiona wali unachelewa unachochea moto. Wengi wanaamini kwamba maji yanayotokota kwa fujo yana joto kuliko yanayotokota taratibu, na sivyo. Maji yakishaanza kuchemka joto lake halipandi tena, hata ukimalizia gunia zima la mkaa. Moto unaouongeza hauendi kwenye punje bali unageuza maji kuwa mvuke na kuyatoa sufuriani. Ukichochea, basi, wali hauivi mapema, ila maji ndiyo yanayokwisha mapema. Na yakishakwisha chini ya sufuria, hakuna tena kitu cha kulizuia joto, kwa maana ule unyevu ndio uliokuwa ukilishikilia lisivuke nyuzi 100. Baada ya muda mfupi tu kitako cha sufuria kinapita nyuzi 150, wanga unaanza kubadilika rangi, kwanza kuwa ukoko wa hudhurungi ambao watoto huugombea, kisha kuwa mweusi na mchungu, na moshi wake unapanda ukipenya wali wote mpaka juu. Punje za juu, ambazo bado zilikuwa zinangoja maji yao, zinabaki na kiini.

Jirani yako, hata hivyo, amekaribia jambo la kweli bila kulijua. Mji wa Tabora uko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kadiri mahali panavyoinuka ndivyo maji yanavyochemka kwa joto la chini zaidi. Dar es Salaam maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, na Tabora huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Tofauti hiyo ni ndogo, na wanga wa mchele huanza kuiva kwenye joto lililo chini ya hapo, lakini inatosha kumfanya mtu aliyezoea jiko la pwani aone kwamba wali umechelewa kidogo. Dawa yake ni kungoja na kuongeza maji kidogo sana, wala si kuongeza mkaa.

Sasa tuje kwenye kipimo cha maji, ambacho ndicho kinachokuyumbisha. Mchele hunywa maji yanayokaribia ujazo wake wenyewe. Yanayozidi hapo ni ya kupotea kwa mvuke. Kiasi kinachopotea hakitegemei sana wingi wa mchele, bali hutegemea upana wa mdomo wa sufuria, ukali wa moto na namna mfuniko unavyobana. Ndiyo maana mtu anayepika vizuri kikombe kimoja cha mchele kwa vikombe viwili vya maji, siku ya wageni akapika vikombe sita kwa vikombe kumi na viwili, hupakua bokoboko mbele ya watu. Kipimo cha bibi zetu kilishinda hesabu hiyo: mchele ukiwa umesawazishwa sufuriani, maji yapite juu yake kwa pingili moja ya kidole cha shahada, iwe sufuria ni ndogo au kubwa. Kwa chungu cha shughuli yenye watu wengi kipimo hiki hakitoshi, lakini kwa mlo wa nyumbani sijaona kinachokizidi. Ukinunua mchele mpya, ule unaoanza kuingia sokoni baada ya mavuno ya katikati ya mwaka, maji yapungue kidogo, kwa kuwa bado una unyevu wake. Mchele uliokaa ghalani muda mrefu unataka zaidi.

Uchambue mchele kwenye ungo, utoe chuya na mawe, uuoshe mpaka maji yapungue weupe, kisha uuloweke kwa muda wa nusu saa. Ule weupe ni vumbi la wanga, na likiachwa huyafanya maji kuwa mazito na kutua chini, mahali ambapo hutaki kitu chochote kitue. Maji ya kupikia yapimwe kwa kidole mchele ukiwa ndani, halafu yamiminwe kwenye sufuria nyingine yachemshwe na chumvi na mafuta kidogo. Ukishazoea utayakadiria kwa macho. Yakichemka utie mchele, ukoroge mara moja ukihakikisha mwiko umefika chini, na baada ya hapo mwiko uuweke pembeni. Kukoroga wali kila mara huvunja punje na kutoa wanga, na wali unaokorogwa sana hushika chini upesi.

Kipindi hiki cha kwanza acha mfuniko ukiwa umeegemea tu, ili utazame. Utaona mapovu makubwa yametanda juu. Kisha maji yanashuka, punje zinaanza kujitokeza, na uso wa wali unatoboka vitundu vidogo ambavyo mvuke hupumulia. Inama usikilize. Mlio wa kutokota uliokuwa mzito unakuwa mwembamba, unaanza kuchachatika. Wakati huo ukiusukuma wali kidogo kwa ncha ya mwiko utaona chini bado pana unyevu unaong'aa, lakini maji hayatiririki tena kuziba pengo. Hapo ndipo pa kupunguza moto, na wanaoanza kujifunza karibu wote hupapita, kwa sababu wanangoja mpaka wasikie harufu. Harufu ikifika puani, wali wa chini umeshakwenda.

Epua sufuria. Toa makaa zaidi ya nusu, yale yaliyobaki yatandaze na uyafunike kwa majivu, kisha ufunge mlango wa jiko ili lisivute hewa. Rudisha sufuria, ifunike vizuri, na upalie, yaani uweke makaa kadhaa juu ya mfuniko, kwa muda wa robo saa. Mfuniko uwe wa bati au alumini mtupu, kwa maana wenye kishikio cha plastiki utayeyuka juu ya chakula. Ukishaepua, usifunue upesi. Dakika kumi za kutulia huufanya unyevu ulio katikati usambae kwenye punje zote, na hata sehemu iliyoshika kidogo chini huachia yenyewe.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa umetaja chumba kujaa moshi. Jiko la mkaa lisiwashwe wala kuachwa likifuka ndani ya chumba kilichofungwa, hata mvua ikinyesha. Mkaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Pikia nje au barazani.

*Salaam mwandishi. Mimi ni mama wa watoto wanne, Gungu, Kigoma. Nimepikia mkaa tangu nikiwa msichana na sikumbuki wali wangu kuungua. Sasa mwanangu mkubwa amenitumia jiko la gesi, na aibu imeanza: wali unaungua duara katikati, na pembeni unabaki mgumu. Wa nazi ndio unaoungua zaidi. Nirudi kwenye mkaa wangu?*

Salaam, dada yangu, na hongera kwa kupata mtoto anayekumbuka nyumbani. Usirudi. Wengi wako katika safari hiyo hiyo, kwa kuwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Lakini hakuna mkakati unaomfundisha mtu namna ya kupalia kwa gesi, kwa hiyo kazi hiyo inatuangukia sisi.

Makaa hutandaa chini ya sufuria nzima, na ukipalia joto hutoka juu pia. Gesi hutoa pete ya moto mahali pamoja, na sufuria nyembamba ya alumini huupitisha moto huo moja kwa moja kwenye wali ulio juu yake tu, bila kuusambaza. Duara unaloliona kwenye ukoko wako ni picha ya jiko lenyewe. Maji yakikaribia kukauka, chukua chuma chako cha chapati, kile kizito, ukiweke juu ya jiko na sufuria juu yake, kisha moto uushushe mpaka mwisho pasipo kuuzima. Chuma hicho kitasambaza joto. Kama jiko lako lina sehemu mbili za moto, hamishia kwenye ile ndogo. Sufuria yenye kitako kizito ingekuondolea kazi hii yote, na kama una fedha ya kununua chombo kimoja tu mwaka huu, ningeshauri iwe hicho kabla ya chombo kingine chochote cha jikoni.

Makaa ya juu huna tena, kwa hiyo mvuke ndio utakaofanya kazi yake, na mvuke hauna ruhusa ya kutoroka. Weka kitu kizito juu ya mfuniko. Baada ya dakika kumi za moto mdogo unaweza hata kuzima kabisa, ukaifunga sufuria kwa kanga na blanketi zito na kuiacha nusu saa. Wali utamalizikia kwa joto lake mwenyewe, gesi itabaki mtungini, na mchuzi wa migebuka utapata nafasi ya jiko.

Wali wa nazi huungua upesi kwa sababu tui lina sukari na protini zinazotua chini na kubadilika rangi mapema kuliko wanga. Upike kwa tui jepesi, la pili au la tatu, na lile zito la kwanza ulimimine juu wakati vitundu vimeanza kuonekana, ulichanganye polepole bila kukwangua chini, ndipo ushushe moto.

*Habari za kazi. Niko Kasulu. Mama mkwe wangu hukasirika akiniona nafunua sufuria ya wali, anasema ndiyo sababu hauivi. Mimi nisipofunua siwezi kujua kama maji yamekwisha. Nani mwenye haki?*

Nyote wawili, lakini kila mmoja kwa wakati wake. Kabla ya maji kushuka, kufunua hakuna hasara kubwa. Maji bado ni mengi na yanayopotea ni machache. Baada ya kupunguza moto, mama yako ana haki kamili, kwa kuwa unyevu uliobaki ni mdogo, na kila unapofunua unatoa sehemu ya kile ambacho punje za juu zinakitegemea.

Inaelekea hafunui kwa sababu anasikia. Siku akiwa na nafasi, mwombe kwa adabu akuoneshe anavyosikiliza. Mara nyingi hasira za jikoni huisha mtu mzima akiombwa kufundisha. Wewe kwa sasa gusisha ncha ya mwiko kwenye mfuniko na ushike mpini. Maji yakiwa bado yanachemka utahisi mtetemo mkononi. Ukiwa hafifu sana, hakuna tena cha kungoja, shusha moto.

*Shikamoo. Nauza makande asubuhi hapa Urambo. Napikia kuni tangu usiku. Karibu kila siku chungu kinashika chini, na wateja wanalalamikia harufu ya moshi. Nikikoroga sana maharage yanapondeka. Naomba ushauri.*

Marahaba. Makande ni tofauti na wali, kwa sababu hapa hatutaki maji yaishe kabisa, na bado yanaungua hata maji yakiwepo. Maharage yanapoiva baadhi hupasuka, wanga wake unaufanya mchuzi kuwa mzito, na mchuzi mzito hauzunguki chunguni kama maji matupu. Ulio chini hubaki pale pale ukipokea moto. Kwa hiyo tatizo lako halianzi usiku, linaanza alfajiri, pale chakula kinapokuwa kizito na kuni bado zinawaka kama mwanzo.

Loweka mahindi yaliyokobolewa na maharage tangu mchana, kila kimoja katika chombo chake, ili vyote viwe vimekunywa maji kabla ya kuona moto. Vipike mbalimbali mpaka vikaribie kulainika, kisha uvichanganye. Mahindi huchukua muda mrefu kuliko maharage, na ukivianzisha pamoja maharage yatapondeka huku ukingojea mahindi. Maharage, hasa mekundu, lazima yachemke kwa nguvu angalau dakika kumi kabla ya kuyapunguzia moto, kwa kuwa yana sumu ya asili ambayo joto la chini haliiondoi. Magadi kidogo huharakisha ulainishaji. Nyanya na ndimu vikae mbali mpaka kila kitu kimelainika, maana uchachu huyafanya maharage yabaki magumu, na makande magumu ndiyo yanayomshawishi mpishi aongeze kuni.

Ukishachanganya, vuta kuni nje, ubaki na makaa. Maji ya kuongeza yawe ya moto, na chungu cha pili kidogo kandoni kitakusaidia kuwa nayo tayari. Badala ya kukoroga kwa kuzungusha, pitisha mwiko mpana chini kwa chini na kuinua, mara moja kila baada ya muda, ili kilichotua kipande. Na siku ukihisi mwiko umekwama kwenye kitu kigumu, usikikwangue. Hamisha yaliyo juu kwenye chungu kingine. Ukikwangua, unaichanganya harufu hiyo na mtaji wako wote.

*Bibi yangu wa Nzega alikuwa akipika mtama mzima kama wali. Nimejaribu, ukaungua na bado mgumu. Mchele umepanda bei, natamani kurudia chakula hicho. Upikweje?*

Usiupike kwa kipimo cha wali. Mtama mzima uliolowekwa usiku kucha huhitaji karibu saa nzima ya kuchemka, na ni vigumu kukadiria maji ya saa nzima bila kukosea. Upike kwa maji mengi, mara nne au tano ya ujazo wake, moto wa wastani, ukionja punje baada ya dakika arobaini. Ikitafunika bila kukaza, chuja maji, rudisha mtama sufuriani, funika, na uuache juu ya makaa yaliyokwisha nguvu kwa dakika chache ukauke. Nafaka inayopikwa kwa kuchujwa haiwezi kuungua isipokuwa mpishi ameondoka jikoni. Hata kijana wetu wa Isevya anaweza kupika mchele wake hivyo wakati akijifunza kuusikiliza. Utapungua utamu kidogo, lakini atakula.

*Mimi ni kaka wa Ujiji. Naomba kujua, wali ukishaungua unaokolewaje, na sufuria husafishwaje? Dada yangu anatumia magadi na majivu, lakini sufuria imekuwa nyeusi.*

Kaka yangu, ukisikia harufu, epua mara moja na ukalishe kitako cha sufuria kwenye beseni la maji baridi, kwa sababu sufuria iliyoepuliwa huendelea kuunguza kwa joto lililobaki. Usikoroge. Pakua wali wa juu kwa upawa uuhamishie kwenye chombo kingine, ukiacha chini unene wa vidole viwili, na chombo hicho ukiache wazi ili moshi utoke. Kuna wanaoweka kipande cha mkate au kitunguu juu ya wali ili kivute harufu. Hupunguza kidogo, lakini kama wali umeshakorogwa pamoja na ulioungua, hakuna mkate utakaousaidia.

Kuhusu sufuria, dada yako anatumia dawa iliyo sahihi kwa chombo kisicho sahihi. Magadi na majivu hung'oa uchafu kwenye chuma cha pua, lakini hushambulia alumini na kuifanya nyeusi. Jazeni maji mpaka yafunike palipoungua, yachemsheni taratibu kwa robo saa, kisha yaacheni yapoe humo humo. Tabaka lililoshika litavimba na kubanduka kwa mwiko wa mti. Weusi ulioachwa na magadi utapungua mkichemsha maji yenye maganda ya ndimu au limao. Mchanga na sufi ya chuma msivitumie kwa nguvu, kwa kuwa huacha mikwaruzo kwenye kitako, na wali unaofuata utaanza kushika kwenye mikwaruzo hiyo hiyo.